Mashine inabadilika, karatasi inabakia: fundisho kutoka kiini cha telefoni zetu



Miaka kadhaa imepita, mu atelye moja nilikotumika, wakubwa walileta kompresere mpya ya upepo. Ile ya zamani iliondolewa, lakini karatasi ya maelezo ilibakia palepale ku ukuta, mu plastike yake safi. Mwenzetu wa posti ya usiku aliifuata mustari kwa mustari. Alifungua robine ya kwanza sawa vile imeandikwa. Ku kompresere mpya, robine ile ilikuwa na kazi ingine. Tiyo likaruka, likamuvunja vidole viwili. Asubui wakamuuliza: « Juu ya nini haukufuata maelezo? » Kumbe alifuata. Ni maelezo njo yalikuwa hayafuati tena mashine.

Nimekumbuka jambo hili wakati mwana wangu, mwenye anasoma informatike, alinieleza kazi ya watu wa Linux. Musikimbie neno hili, liko mu mufuko wenu. Telefoni za Android, zile wengi wetu tunabeba, zinatembea juu ya Linux. Ni kiini, kile Wafaransa wanaita noyau: njo kinaamuru betri, ekra na memoare, na programu zingine zote zinapita kwake kuomba ruhusa. Linus Torvalds alikianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi ku Helsinki. Leo maelfu ya watu wa inchi mbalimbali wanakijenga pamoja, na wengi wanalipwa na makampuni. Na betri kinazoamuru, nyingi ziko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wa kwetu.

Kiini hiki hakitulii. Kila wiki 9 ao 10 kinatoka kipya. Sasa, kama mashine inabadilika mara tano kwa mwaka, nani anabadilisha kitabu cha maelezo?

Wao walipanga mambo tatu. La kwanza: maelezo yanakaa mu gala moja pamoja na programu yenyewe, hapana mu ofisi ingine. Mwenye anabadilisha kipande cha programu anaweza kubadilisha na maelezo yake mara moja, na wenzake wanayapima yote mawili. La pili: maelezo ya vipande vingi yanaandikwa palepale juu ya kipande, kisha chombo kinayakusanya kuwa kitabu. Kama jina lililo mu maelezo halifanane na jina lililo mu programu, chombo kinapiga kelele. La tatu: kuko liste ya wenye kuchunga, kila upande na jina la mutu. Upande wa maelezo unachungwa na Jonathan Corbet, wa Marekani, tangu 2014. Kukiwa kosa, unajua mulango wa kupiga hodi.

Lakini tusiwasifu bure. Chombo kinaona jina lililopotea, hakioni uongo. Kama jina limebakia lilelile na kazi imegeuka, kinanyamaza. Ni ile hadisi ya robine yetu. Tena makampuni yanalipa watu waandike programu. Mwenye kulipwa juu ya kuandika maelezo ni vigumu kumupata. Donc maelezo ya zamani yanajaa vumbi kule pia.

Mwongozo wao wenyewe unakubali jambo hili. Unasema maelezo yaliyozeeka yanapoteza musomaji, na yanamufanya asiamini tena hata kitabu kizima. Na unaonyesha alama za kuyatambua: maelezo yanayotaja bado Linux ya namba 2, namba iliyoachwa mwaka 2011, ao karatasi ambayo kwa miaka mingi ilisahihishwa paka herufi. Ukiikuta, uitengeneze pamoja na wale wanaojua upande ule. Kama haifai tena, uitoe kabisa. Kutoa karatasi kunaomba roho nguvu, lakini ni heri ukuta mutupu kuliko ukuta unaodanganya.

Kuko na jambo la luga. Maelezo yao yametafsiriwa mu Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitalia na Kihispania. Tafsiri zinachelewa nyuma. Basi waliandika wazi kwamba ya Kiingereza peke yake njo ya kazi, na walitengeneza chombo cha kuonyesha tafsiri zipi zimeachwa.

Turudi kwetu. Alama zetu tunazo. Karatasi ya Kolwezi inayoandika bado « Province du Katanga » ni ya mbele ya 2015, kwa maana tangu mwaka ule Kolwezi iko mu Lualaba. Kitabu cha Code minier kisichotaja 0,3% ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya vijiji na mitaa ya karibu na mine ni cha 2002, hakijafikia sheria ya 2018. Delege mwenye anaingia ku mazungumzo na kitabu kile ameisha kushindwa mbele ya kukaa. Na tangazo la Kiswahili lililotolewa mu Kifaransa: tarehe yake iko wapi?

Njo maana sendika iombe kitu kimoja: kazi ya kuweka mashine mpya isihesabiwe kuwa imeisha kama karatasi yake haijabadilishwa, mu Kifaransa na mu Kiswahili, na tarehe, na jina la mwenye kujibu. Na mwenye anashika mashine aitwe wakati wa kuiandika. Watasema ni kupoteza wakati. Vidole viwili, vinapimwa kwa saa ngapi?

Kesho, mbele ya kugusa mashine, soma karatasi ya ukuta. Kama hazifanane, usinyamaze. Ita delege, muandike pamoja tofauti mulioona, mutie tarehe, mumupelekee mukubwa wa posti.