Kabla ya kukopa gari la pili, pima njia

KATIKA viwanda vya magari, roboti ya kuchomelea mabati hugusa nukta moja, huhamia ya pili, kisha ya tatu, kutwa nzima. Muda wa kuchomelea kila nukta haupunguziki kirahisi. Kinachopunguzika ni muda wa mkono kuhama.

Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Tangu hapo roboti zimeongezeka kasi, lakini mafundi bado wanaumiza kichwa kwa swali moja: mkono upite wapi?

Swali hilo si jepesi. Nukta 10 tu zinaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800. Tena, njia iliyonyooka si lazima iwe ya haraka. Kwa kuwa mkono huzunguka kwenye viungo vyake, mara nyingi njia ya kupinda huwahi zaidi. Kusimama na kuondoka kwa ghafla nako hupoteza muda na kuchakaza gia.

Je, hayo yanamhusu vipi mkulima na mfanyabiashara mdogo? Yanamhusu sana. Chama cha wafugaji kinachokusanya maziwa katika vituo 5 kina mifuatano 120 ya kuchagua. Njia fupi yenye tope na milima inaweza kula mafuta kuliko ndefu ya changarawe. Kituo kikiachwa hadi mwisho juani, maziwa yake huchacha.

Mzigo unapochelewa, viongozi wengi wa vyama hukimbilia mkopo wa gari la pili. Anayelipa mkopo huo ni mwanachama, kwa makato ya kila lita.

Sisi tunasema hesabu ianzie kwenye njia. Kwa wiki moja, dereva aandike saa ya kufika kila kituo, mafuta aliyotumia na maziwa yaliyokataliwa. Wiki inayofuata mpangilio ubadilishwe, kisha wanachama wasomewe tofauti mkutanoni. Daftari na kalamu vinatosha. Kama baada ya hapo gari bado halitoshi, mkopo utakuwa na sababu.

Kiwanda chenye fedha za kununua roboti hakioni haya kupima kila hatua yake. Mkulima anayeishi kwa mkopo ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.