Mirathi Bila Hesabu ya Sehemu Huleta Dhulma



Wapo wanafunzi wenzetu waliohifadhi mafungu ya mirathi yaliyomo katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12, lakini ukiwapa chaki watoe 1/8 na 1/6 katika kitu kizima, wanakwama. Husema hesabu ni ya skuli, chuoni tunasoma dini. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, zimebaki Sh. 4,800,000. Mke ana 1/8, mama ana 1/6, na kinachobaki ni cha mtoto. Asiyejua hesabu hutoa kwanza fungu la mke, Sh. 600,000, kisha humpa mama 1/6 ya zile 4,200,000 zilizobaki, yaani Sh. 700,000. Hapo mama amekwisha dhulumiwa! Haki yake ni 1/6 ya mali yote, Sh. 800,000. Ukianza na mama, basi mke ndiye atakayepunjwa laki moja hiyo hiyo.

Njia sahihi ni kutafuta asili moja. Nane na sita hukutana kwenye 24. Kwa hiyo 1/8 ni 3/24, na 1/6 ni 4/24. Katika 24 toa 3, toa 4, zinabaki 17. Mtoto ana 17/24, yaani Sh. 3,400,000. Maulamaa wa mirathi huiita hiyo 24 asili ya masala, na vitabu vya hesabu vya skuli navyo huiita namba ya chini ya sehemu asili. Neno ni lile lile! Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masala ya wasia na mirathi.

Kwa maoni yangu, ustadhi asianze somo la mirathi mpaka darasa zima liweze kutoa sehemu zenye asili tofauti. Jadweli la kukariri halitoshi, kwani warithi hawaji kwa mpangilio wa jadweli. Na wasichana nao waitwe ubaoni. Katika mfano wetu anayepunjwa ni mwanamke, uanze na huyu au na yule.

Wazazi, wapeni watoto masala haya leo usiku: mwanamke amefariki, ameacha mume, baba na mtoto mmoja wa kiume. Mume ana 1/4, baba ana 1/6. Mtoto anabakiwa na ngapi?

Wabillahi tawfiq.