MTOTO ALIYEPONA SI MGONJWA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Yule mtoto wetu aliyevimba taya mnamjua. Alipelekwa Bugando, Mwanza, akachomwa sindano za saratani miezi kadhaa, nywele zikanyonyoka, zikaota tena. Madaktari wakasema amepona. Karudi shule. Lakini sisi wa Gongoni bado tunamwita "mgonjwa".

Juzi watoto walipokwenda kulima shamba la shule, tulisema yeye asipewe jembe, akae kivulini. Tuliona ndiyo huruma. Mtoto alilia hata mwalimu akashindwa kumnyamazisha. Kwani mpira si anacheza jioni nzima? Kweli zipo siku anachoka upesi, lakini siku hizo atasema mwenyewe. Tulikosea, na tunaandika hapa ukutani ili kila mtu asome kwamba tulikosea.

Kuna mabaya zaidi. Wapo wanaokataza watoto wao wasile naye sahani moja, eti wataambukizwa. Saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, wala kulala pamoja, wala kucheza pamoja. Wengine wanasema karogwa. Uvimbe wa taya wa namna hii ulielezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alifunga safari kwa gari kuukuu hadi Afrika Kusini, akipita hospitali moja hadi nyingine kuuliza habari za uvimbe huo. Akakuta unaonekana zaidi katika nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi. Mchawi gani huyo anayefuata mvua? Na tangu miaka hiyo ya sitini wapo watoto waliopona kwa dawa, wakakua.

Mwaka 1973 wazazi wetu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo, wakafukia madimbwi. Kazi nzuri. Lakini mtoto huyu huamka usiku akajipapasa taya kuona kama uvimbe umerudi. Mama yake ndiye aliyetuambia, na katuruhusu tuandike. Hofu hiyo haina sindano. Mchana anaficha shavu kwa kiganja watu wakimtazama, nasi ndio tunaomtazama. Wageni wakija nyumbani, anaambiwa aingie ndani. Ndugu zangu, hapo amepona nini?

Jambo la mwisho ni nauli. Hata akiwa mzima lazima arudi Bugando kupimwa kwa tarehe alizopewa. Safari hii mama alikuwa anafikiri kuacha, maana fedha za tumbaku hazijafika na mbuzi kashauza. Tunapendekeza ushirika utoe nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, sasa hivi, tusingoje malipo. Jambo hili litaletwa mkutanoni Jumamosi. Anayepinga asimame aseme mbele ya mama huyo.

Jembe lake lipo kwa mwalimu. Jumatatu atalichukua.

Katibu wa Chama,
Gongoni