Kabla ya Karo, Cheti

Mkono wa kushoto wa yule mtoto ulikuwa umefungwa kwenye kiti kwa mtandio. Binti wa miaka 4, machozi yamemkaukia mashavuni, na mkono wa kulia unahangaika na penseli. Nilikuwa nimeingia katika nasari moja hapa Kisauni kumchukua mpwa wangu. Mbele ya mtoto palikuwa na daftari, na juu ya ukurasa mwalimu ameandika herufi "a" ili aifuatishe mpaka chini. Zile za mtoto zilikuwa zimetoboa karatasi.

Nilipouliza, mwalimu alinijibu kwa adabu. "Anaandika kwa kushoto. Mamake alisema tumrekebishe mapema." Ni msichana aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, na ameachiwa peke yake chumba kilichojaa watoto. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto hachagui mkono wake, kwamba ndivyo alivyoumbwa, na kwamba ukimlazimisha unampa woga wa daftari kabla hajaijua hata herufi moja. Nilimfungua mtoto kwa mikono yangu. Mwenye nasari alipofika, alishangaa kuona nimekasirika. Wazazi wote wanajua, alisema, na hakuna aliyelalamika.

Hakuna aliyelalamika! Nimekuja kwenu na maneno hayo, enyi wazazi wenzangu wa Mombasa, na wa Kilifi na Kwale pia, kwa maana najua nasari za namna hiyo zimejaa huko kama zilivyojaa kwetu.

Sababu za watoto wetu kuachiwa wasiosomea tunazijua sote. Mwalimu aliyesomea anadai mshahara wa haki, mwenye nasari anatafuta faida, mzazi anatafuta karo nafuu na mahali pa kumwacha mtoto awahi kibarua, na wakaguzi hatuwaoni. Basi.

Sheria ipo. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na kaunti zimekuwapo tangu 2013. Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ya 2012 inakataza mtu yeyote kufundisha pasipo kuandikishwa na tume hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kimwili au kiakili, na anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Kumfunga mtoto mkono kwenye kiti kutwa nzima ni nini kama si mateso? Tena kosa hilo si la yule msichana peke yake. Nasema ni la mwenye nasari aliyemweka pale akijua hajasomea, na ni la kila mzazi aliyepita mlangoni, akaona, akaenda zake.

Tumejidanganya kwamba kazi ya mwalimu wa chekechea ni ya kuchunga tu. Tunasema mtoto bado mdogo, atasoma akifika Gredi ya Kwanza, kwa sasa apate wa kumwangalia asivuke barabara. Umeme wa nyumba hatumpi mtu asiyejua waya, ila mtoto tunampa yeyote aliye tayari kupokea elfu chache kwa mwezi.

Aliyesomea ualimu wa chekechea anajua mambo ambayo huwezi kuyakisia. Anajua kwamba kabla ya penseli kuna udongo wa kufinyanga, shanga za kutunga, maji ya kumimina kutoka kikombe hadi kikombe, kwa sababu vidole vya miaka 4 havijakomaa. Hesabu anaianzisha kwa kokwa na vifuniko vya soda, mtoto avishike, avipange, avigawe na mwenzake, kabla ya kuonyeshwa tarakimu ubaoni. Anajua mtaala unamtaka azungumze na mtoto wa PP1 na PP2, madarasa ya chekechea, kwa lugha inayosemwa pale mtaani. Na yupo yule mtoto asiyeitika akiitwa. Asiyejua humwita mkaidi na kumkalisha nyuma. Aliyesomea humwendea kwa nyuma, akapiga makofi, akatazama kama atageuka. Asipogeuka, jioni hiyohiyo anamsubiri mzazi langoni na kumwambia, "Mama, tafadhali, mpeleke akapimwe masikio." Ni watoto wangapi wa mitaa yetu wameitwa wajinga miaka na miaka, kumbe walikuwa hawasikii?

Asije mtu akaniambia haiwezekani watu wa kipato chetu kupata walimu waliofunzwa. Iliwezekana hapahapa Mombasa. Katika miaka ya 1980 Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alianzisha mpango wa chekechea za madrasa. Hawakungoja walimu watoke mbali. Waliwachukua wanawake wa mitaani na vijijini, wakawafunza, wakawa wanawatembelea darasani kuwaongoza. Vifaa vya kuchezea walivitengeneza kwa vitu vilivyokuwapo pale pale, na jamii zikaunda kamati za kuziendesha shule hizo. Mpango huo ulivuka ukafika Zanzibar na Uganda. Mama na nyanya zetu waliyafanya hayo bila simu ya mkononi wala kundi la WhatsApp.

Kwa hiyo nawaomba tuanze. Januari hii, kabla hujatoa hata shilingi moja ya karo, mwambie mwenye nasari akuonyeshe cheti cha mwalimu atakayekaa na mwanao, na nambari yake ya TSC. Usimuulize kwa ukali, muulize tu. Piga picha, itume kwenye kundi la wazazi. Akikwambia atakuletea kesho, rudi kesho. Wakiuliza wazazi kumi kwa siku moja, huyo mwenye nasari hatalala. Na ukiona mtoto amefungwa, amepigwa au amefungiwa chooni, mtoto wa yeyote yule, usipite. Ingia.

Ila sitaki yule msichana afukuzwe. Nataka asome. Vyuo vya ualimu vina stashahada inayofunza ualimu wa chekechea, na si mabinti wengi wa kwetu wanaoimudu karo yake. Sisi tunachanga harusi, tunachanga matanga, vyama vyetu vya akina mama vinazungusha pesa kila wiki. Kila mtaa umchangie binti mmoja, asome, arudi afundishe hapa. Misikiti na makanisa yasaidie. Wenye duka wasaidie. Namna ya kuzishika pesa hizo mtaelewana wenyewe, la muhimu ni kwamba zimfikie aliyekusudiwa.

Na akirudi na cheti chake, alipwe. Hapa lazima tusemezane ukweli, kwa sababu walimu wengi wa chekechea walioajiriwa na kaunti wanashikilia mikataba ya muda, na mara kwa mara tunawaona barabarani wakidai haki yao huku sisi tukiwapita na kufunga vioo. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na kabla ya hapo kuna vikao vya kukusanya maoni ya umma. Ukumbi huwa nusu mtupu. Tuujaze. Tuende na watoto wetu mgongoni, tumuulize mwakilishi wadi, mbele za watu, ni walimu wangapi wa chekechea wataajiriwa kwa masharti ya kudumu katika wadi yake, na nani atazikagua nasari za binafsi. Asipojibu, swali hilohilo liwe linamsubiri kila anakokwenda, msibani, harusini na jukwaani, hadi siku ya kura.

Wenye nasari, nanyi nawasihi. Mnapokea watoto wasioweza kurudi nyumbani wakaeleza walichotendewa. Msimweke tena mbele yao mtu mliyemwokota kwa sababu ni rahisi. Mpeni ruhusa na nauli aende akasomee kazi aliyoishika. Na nyinyi mabinti mliomo ndani ya vyumba hivyo, mnaojitahidi kwa mlichonacho, msione aibu kusema hamjafunzwa. Semeni kwa sauti, mbele ya wazazi, mkiwa na fomu ya chuo mkononi, na sisi tulio wazazi tuitie sahihi na tuanze kuchanga papo hapo.