Kavue samaki, lakini dawa usiache

Mgonjwa wangu mmoja, muuza vitenge anayeishi Kariakoo, kila Jumapili alfajiri hutembea na mshipi wake hadi ufukwe wa Ocean Road. Mara nyingi hurudi bila samaki. Nilipomuuliza anafuata nini huko, alijibu: "Dokta, nikishika mshipi hata marejesho ya mkopo nayasahau."

Namwelewa. Sokoni kelele, madeni na simu huuweka mwili katika hali ya tahadhari kutwa nzima. Anayesubiri samaki adone ana jambo moja tu la kufikiria. Mapigo ya moyo hutulia, pumzi huwa za taratibu, na kwa kuwa hajui samaki atadona saa ngapi, hachoki kusubiri. Kutembea kwenda na kurudi nako ni mazoezi.

Lakini mwezi uliopita alikuja kliniki presha yake ikiwa 180 kwa 110. Alikuwa ameacha vidonge kwa sababu alijisikia mzima. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Presha ya juu mara nyingi haina dalili, na inaweza kuleta kiharusi bila kubisha hodi. Utulivu wa baharini huisaidia dawa, hauchukui nafasi yake.

Basi nendeni mkavue. Mzazi, mchukue na mwanao, ila akiwa karibu na maji usimwache mbali na mkono wako, na ndoana zikae kwenye kopo lenye kifuniko. Dawa yako nayo imeze kila siku kama ulivyoelekezwa, hata siku unayojisikia mzima kabisa.