Mhadhiri Akifanyia Kazi Nyumbani, Nani Alipe Bando?

Wahadhiri walianza kufanyia kazi nyumbani muda mrefu kabla ya korona. Tasnifu husomwa usiku, mitihani husahihishwa Jumapili kwenye meza ya chakula, na wakuu wa idara hawana neno. Maneno huanza mhadhiri huyohuyo asipoonekana ofisini Jumanne saa nne asubuhi. Hapo amedoji.

Machi 2020, Kenya, Uganda na Tanzania zilipofunga vyuo ndani ya wiki moja, nyumba iligeuzwa ofisi kwa amri. Makerere angalau ilikuwa na MUELE, jukwaa lake la masomo ya mtandaoni lililokuwepo kabla ya janga. Tanzania ilifungua vyuo 1 Juni mwaka huohuo na mjadala ukapoa kabla haujaiva. Swali lakini halijaondoka: mfanyakazi wa chuo akiachiwa kazi nyumbani, anazalisha au anazembea?

Wanaotetea utaratibu huo hupenda kumtaja Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford. Katika jaribio lake kwenye kampuni ya safari ya Ctrip, China, wahudumu wa simu waliofanyia kazi nyumbani kwa miezi tisa waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Asilimia hiyo inajulikana. Masharti yake ndiyo hayasemwi. Aliyeruhusiwa kushiriki alipaswa kuwa na intaneti ya kasi na chumba cha peke yake cha kufanyia kazi. Ni wahadhiri wasaidizi wangapi wa Dar es Salaam au Nairobi, wenye vyumba viwili vya kupanga na watoto watatu, wangefuzu? Tena jaribio lilipokwisha, takriban nusu ya washiriki walichagua kurudi ofisini, wengi wakitaja upweke.

Halafu simu zilizopokewa huhesabika. Wazo la utafiti litahesabiwa na nani?

Kwa wanataaluma wenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Human Behaviour uliwauliza wanasayansi wa Marekani na Ulaya jinsi janga lilivyobadili muda wao. Walioumia zaidi ni wanawake na wenye watoto wadogo: saa zao za utafiti ndizo zilizoliwa. Huku kwetu hilo halihitaji maelezo marefu. Mama mwenye kompyuta mpakato mapajani, machoni pa shemeji aliyekuja kusalimia, yuko nyumbani tu, kwa hiyo chai iletwe. Saa zilizopotea hivyo zitaonekana baadaye, majina ya kupandishwa vyeo yatakapotoka.

Chuo pia si wahadhiri peke yao. Fundi sanifu hawezi kuhamishia maabara sebuleni, na karani wa masijala anayetafuta jalada la mhitimu wa miaka ishirini iliyopita lazima aingie kwenye vumbi. Mhadhiri akibaki nyumbani kwa mapatano yasiyoandikwa, hawa huona upendeleo, na wana haki.

Lakini kinachoua ari kuliko yote ni gharama. Ofisini chuo hulipa umeme, intaneti na wino wa printa. Nyumbani mzigo huo humhamia mfanyakazi kimyakimya, na chuo huita hiyo kubana matumizi. Wahadhiri wa vyuo vya umma nchini Kenya waligoma mwaka 2025 kwa wiki saba wakidai malimbikizo ya makubaliano ya mishahara ya 2017–2021. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajinunulie bando ili afundishe ni kumtonesha kidonda.

Njia ya kati ipo, na imejaribiwa. Mwaka 2024 Bloom na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio jingine katika kampuni ileile, sasa Trip.com: wafanyakazi waliobaki nyumbani siku mbili kwa wiki hawakuzorota kiutendaji, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Vyuo vyetu vingeweza kuanzia hapo, kila mmoja akipimwa kwa kazi inayoonekana: alama zimewasilishwa kwa wakati, sura ya tasnifu imerudishwa na maoni ndani ya wiki mbili. Tanzania tayari ina PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, na majukumu kama hayo yanaingia humo bila shida. Daftari la mahudhurio libaki kwa wale ambao kazi yao ni kuwepo. Siku za nyumbani zitangazwe kwa wanafunzi mapema, na posho ya intaneti iingie kwenye bajeti ya idara, kwenye fungu lilelile linalolipia umeme wa ofisi ambazo siku hizo zitakuwa zimefungwa.