Saa yako inasema Kiswahili?

Tazama saa yako ya mkononi. Mshale mfupi uko kwenye 7, mrefu uko juu kabisa. Ni saa ngapi? Saa moja, bila shaka! Jicho limeona saba, mdomo umesema moja, na hakuna aliyeshangaa. Anayeshangaa ni mtoto anayejifunza kusoma saa, naye tunamnyamazisha kwa jibu lile lile tulilopewa sisi: "Soma namba ya upande wa pili."

Ndugu msomaji, mimi nimechoka kusoma upande wa pili. Na siku hizi dawa ya ugonjwa huu ipo nyumbani kwa yeyote mwenye kompyuta na printa.

Wapenzi wa saa duniani wana mchezo wao wa kuchapa nyuso za saa wenyewe. Unachora uso mpya kwenye programu ya bure kama Inkscape, unauchapa, unaondoa uso wa zamani na kuweka wako. Mashine ya saa inabaki ile ile. Nimeanza kuucheza mchezo huu hapa Same, na hoja yangu ni hii: hakuna watu duniani wenye sababu nzuri ya kuucheza kuliko sisi.

Kwa nini? Kwa sababu tofauti kati ya hesabu yetu ya saa na ile iliyochapwa kiwandani ni saa sita kamili, yaani nusu ya mzunguko. Huhitaji kugusa mashine. Geuza namba za saa tu: 6 iende juu, 12 ije chini, 3 ihamie kushoto, 9 kulia. Alama za dakika ziache zilipo. Basi! Adhuhuri, jua likiwa utosini, mshale mfupi unaelekeza juu, kwenye sita. Alfajiri na magharibi unaelekeza chini, kwenye kumi na mbili. Saa inafuata jua kama tunavyolifuata sisi.

Na sisi tunalifuata kweli. Same iko karibu nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, hivyo mapambazuko hayahamihami sana mwaka mzima. Huko juu Upareni kuna ndiva, yale mabwawa madogo ya kienyeji yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi, kila mkulima kwa zamu yake. Mtu ambaye kazi yake inaanza kunapokucha aanze kuhesabu katikati ya usiku kwa faida ya nani? Wala si ushamba wetu peke yetu. Waethiopia nao huanza kuhesabu kunapokucha, na Waturuki walikuwa wakizianza saa zao magharibi mpaka walipoacha mwaka 1926.

Kuna watakaosema huu ni mchezo wa watu wenye nafasi. Nawaomba wamsikilize shangazi yangu. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, na yeye alikatiwa tiketi iliyoandikwa 03:00. Akashuka kutoka mlimani, akafika stendi saa tatu kasoro asubuhi na mzigo wake wa tangawizi. Basi lilikuwa limepita saa tisa usiku. Ofisini akaambiwa, "Mama, si imeandikwa?" Kweli, iliandikwa, ila si kwa lugha anayosemea saa. Nauli ikapotea. Uso wa saa yangu hautarekebisha tiketi, lakini unauliza swali ambalo mkatisha tiketi hajawahi kuulizwa: saa ya nani?

Sasa kwa mnaotaka kujaribu. Anza na saa ya ukutani ya bei ndogo: fungua kioo, chomoa mishale taratibu, bandika karatasi uliyochapa, rudisha. Ya mkononi ina ugumu wake. Uso wa saa zinazotumia mashine ya Seiko NH35, wanayoipenda sana wachezaji wa mchezo huu, una kipenyo cha milimita 28.5 tu. Kosea nusu milimita, macho yataona. Karatasi ikiwa nene, mishale itakwaruza. Ndiyo maana wengi hutumia karatasi maalumu ya kuhamishia picha: ukiiloweka, utando wenye maandishi unateleza na kukaa juu ya bati la uso. Kama printa yako ni ya wino, pulizia vanishi kwanza, la sivyo wino utayeyuka majini. Kumbuka pia printa za kawaida hazina wino mweupe, kwa hiyo chagua uso wa rangi nyepesi na namba nyeusi. Mishale ikikushinda, mpelekee fundi saa.

Onyo moja. Printa hiyo hiyo inaweza kuchapa neno Rolex, na kishawishi ni kikubwa. Usifanye. Huko ni kughushi, na tena ni kujidharau. Ukoo wa Washana hapa Upareni ulikuwa wa wahunzi, na chuma cha Ugweno kilivuka hadi Uchagani kwa sifa yake chenyewe, bila jina la kuazima. Kwenye uso wa saa yangu nimeandika SAME. Mgeni akiusoma kwa Kiingereza atadhani nasema saa zote ni sawa. Mwacheni adhani!

Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi kuku wangu ndiye huyu, na nitamtetea: anayesema "saa moja" anastahili kuiona moja. Tuanze na madarasa. Mwalimu akitundika ukutani saa ya kiwandani, pembeni yake atundike na hii, watoto wajue kwamba zote mbili ni sahihi na kwamba moja kati yake ni yao.

Hoja nimeitoa. Nani anaunga mkono?